Biopsi Isiyohitajika

Hoja iliyochapishwa kwamba uvimbe wowote wa kichwa na shingo usitibiwe kabla ya biopsi, yaani kukata kipande cha nyama na kukipima maabara, ina nguvu pale saratani inaposhukiwa, lakini huwa hatari inapohusishwa na angiofibroma, uvimbe adimu usio wa saratani unaoota nyuma ya pua na kuwapata karibu wavulana wa umri wa balehe pekee. Mishipa ya damu ya uvimbe huu haina tabaka kamili la misuli, hivyo ikikatwa haiwezi kujibana, na damu humwagika kwa wingi. Mwandishi wa hoja hiyo anadai kwamba bila biopsi daktari hubahatisha. Kubahatisha gani, ikiwa kijana ana pua iliyoziba upande mmoja na inayotoka damu mara kwa mara, huku picha za CT na MRI zikionyesha uvimbe wenye mishipa mingi uliousukuma mbele ukuta wa nyuma wa uwazi wa mfupa wa taya la juu? Utambuzi huo unatosha kupanga upasuaji, ambao kwa kawaida hutanguliwa, siku moja hadi tatu kabla, na kuzibwa kwa ateri zinazoulisha uvimbe kwa kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba. Nyama hupimwa ikishatolewa.