Jasho la Usiku Si Arosto Kila Mara

Na Zuhura Athman

Heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1980, na mwanamke wa Mji wa Kale wa Mombasa au wa mitaa inayopakana na bandari ya Kilindini aliyeionja katika miaka ya 1990 akiwa kijana wa miaka 20, leo amefikia au anakaribia miaka 50. Kizazi hiki cha wanawake waliouacha unga, kama heroini inavyoitwa mitaani, au wanaopambana kuuacha, kinakabiliwa na ukomo wa hedhi pamoja na kazi ngumu ya kutorudia matumizi, na baadhi yao wana upungufu wa umakini ambao haukutambuliwa utotoni. Mambo hayo matatu hufanana sana kwa dalili, na huduma inayolitazama kila moja peke yake inaweza kumrudisha mwanamke alikotoka.

Ukomo wa hedhi, ambao huthibitishwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, huwafika wengi kati ya miaka 45 na 55, lakini mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla, homoni ya estrojeni inapopanda na kushuka bila mpangilio na kuleta joto la ghafla, jasho la usiku, wasiwasi na kukosa usingizi. Arosto, yaani mahangaiko yanayomkumba mtumiaji anapoukosa unga, nayo huja na jasho, wasiwasi na kukesha. Mwanamke wa miaka 48 anayetumia methadoni, dawa inayozuia arosto na kupunguza hamu ya heroini, anapozinduka usiku wa manane shuka zimelowa na moyo unamwenda mbio, hana njia rahisi ya kujua kama dozi haimtoshi tena au ni umri, na akikosea anaweza kuomba aongezewe dozi asiyoihitaji, au, lililo baya zaidi, kutoka kuutafuta unga ili atulie. Utata huo huzidi kwa sababu heroini yenyewe huzuia ishara za ubongo zinazoamsha ovari, hivyo aliyekaa miezi mingi bila damu hudhani amekoma hedhi, kumbe uzazi umelala tu, na anaweza kushika mimba baada ya kutulia katika matibabu.

Upungufu wa umakini, unaojulikana kwa herufi ADHD, ni hali ya ubongo inayoanza utotoni na kumfanya mtu ashindwe kutulia, kupanga mambo au kuzuia msukumo wa ghafla. Kwa wasichana mara nyingi hupita bila kuonekana, kwa kuwa wengi wao hawarukiruki darasani wala katika chuo cha Kurani kwa maalimu, bali hukaa kimya mawazo yakiwa mbali, husahau walichotumwa, na huitwa wazembe. Vigezo vya utambuzi navyo viliwabana: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 ulitaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 7, na toleo la 2013 ndilo lililosogeza kikomo hicho hadi miaka 12. Estrojeni husaidia kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na umakini, na inapopungua, mwanamke aliyeficha udhaifu wake kwa miaka mingi anaweza kuona mbinu zake zote zinamshinda. Wenye hali hii wamo hatarini zaidi kutumbukia katika dawa za kulevya, na methadoni, ambayo kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, hudai mpangilio uleule unaowashinda, kisha kukosa miadi huhesabiwa kuwa ukosefu wa nia.

Msingi wa kurekebisha hali hii upo. Methadoni ilianza kutolewa Nairobi mwishoni mwa 2014, Malindi 2015 na Kisauni, Mombasa, 2017, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 2022 yanamtambua mwenye uraibu kuwa mgonjwa anayestahili matibabu. Kinachohitajika ni kila mwanamke aliyevuka miaka 40 anayehudhuria kliniki za methadoni aulizwe kuhusu hedhi yake, usingizi wake na hali yake alipokuwa mtoto, kabla dozi haijabadilishwa na kabla hajalaumiwa. Wanawake wengi wa Kiislamu wa Mombasa wamefundishwa tangu kubaleghe kuhesabu siku zao na kutofautisha hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya mwezi, kwa ajili ya sala na saumu, hivyo muuguzi akiuliza kwa staha anaweza kupata kumbukumbu zenye manufaa.

Jamii nayo ina wajibu. Msichana anapovunja ungo hupewa somo, yaani mwanamke wa kumwelekeza, lakini anayekoma hedhi huachwa ajielekeze mwenyewe. Masomo hao, walimu wa kike wa madrasa na wanawake waliokwisha kuacha unga wanaweza kuifanya kazi hiyo ya kuelekeza pamoja na wauguzi, kwa sababu aliyeivuka miaka hiyo na kuuacha unga anajua kuyasema mambo haya bila kumfedhehesha mwenzake.