Si kila mgahawa uliofungwa umeuawa na siasa

Jumanne ya tarehe 21 Mei 2019, watu wapatao 1,000 nchini Uingereza walipata habari kwamba hawana kazi tena. Kampuni ya mpishi maarufu wa televisheni, Jamie Oliver, ilikuwa imefilisika, na kati ya migahawa yake 25 iliyokuwa imebaki, 22 ilifungwa. Mitatu iliyonusurika yote ilikuwa katika uwanja wa ndege wa Gatwick. Siku tatu baadaye Waziri Mkuu Theresa May alisimama nje ya ofisi yake akatangaza kwamba ataachia uongozi, baada ya kushindwa kuitoa nchi yake katika Umoja wa Ulaya. Habari hizo mbili zilisomwa pamoja, na wengi waliziunganisha: siasa imeua migahawa.

Tunaandika juu ya jambo hili la mbali kwa sababu lugha hiyo tunaifahamu. Mfanyabiashara anayepeleka mchele, vitunguu au samaki ng'ambo ya mpaka anaisikia kila anapokwenda kudai. Mwenye hoteli alichukua magunia kwa mali kauli, siku ya kulipa imefika, anakuambia: "Ndugu yangu, unaona mwenyewe hali ya nchi." Wakati mwingine anasema kweli. Wakati mwingine hali ya nchi ni pazia tu. Mwenye mzigo anayeshindwa kupambanua haya mawili huishia kubeba hasara ambayo si yake, au kumbana mtu aliyekwisha kuanguka.

Tuanze na madai yenyewe. Mwezi Januari 2017, miezi saba baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Ulaya, kampuni ya Jamie's Italian ilitangaza kufunga migahawa 6 kati ya 42 iliyokuwa nayo wakati huo, ikiwamo ya Aberdeen, Exeter na Cheltenham. Mkurugenzi wake alieleza kwamba soko lilikuwa gumu tayari, na kwamba baada ya kura ile shinikizo na mashaka yamezidi. Maneno hayo yalizua kicheko kwa baadhi ya watu na hasira kwa wengine. Waliopiga kura ya kutoka waliona wanasingiziwa.

Je, walisingiziwa? Si kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2016 pauni ya Uingereza iliporomoka kutoka karibu dola 1.50 hadi 1.33 na chini zaidi, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985. Mgahawa wa Kiitaliano hununua jibini, mafuta ya zeituni, nyama iliyokaushwa na nyanya za makopo kutoka Italia, na hulipa kwa euro. Kabla ya kura, bidhaa ya euro 100 ilimgharimu Mwingereza pauni 77 hivi. Mwanzoni mwa 2017 ilikaribia pauni 86. Mteja anayekula hana habari na hilo, anataka sahani yake kwa bei ya mwaka jana. Yeyote kati yenu aliyewahi kuamka akakuta shilingi imeanguka dhidi ya dola, huku mzigo wake bado uko njiani, anaelewa pasipo kuelezwa zaidi.

Kuna na wafanyakazi. Jikoni na mezani katika migahawa ya Uingereza walikuwa wamejaa Wapolandi, Waitaliano, Wahispania na Waromania, ambao wakati huo walikuwa wakiingia nchini humo bila kibali cha kazi. Baada ya kura idadi ya Wazungu wa Ulaya wanaokwenda huko kutafuta kazi ilishuka, na waliokuwapo hawakujua hatima yao. Basi sehemu ya lawama ina msingi. Inaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, kutoka kwenye sanduku la kura hadi kwenye kopo la nyanya.

Lakini hapo ndipo hesabu inapokataa kwenda mbali zaidi. Kampuni ilipofilisika, Uingereza ilikuwa bado haijatoka. Ilikuwa itoke tarehe 29 Machi 2019, ikasogeza, ikasogeza tena, na tarehe iliyokuwa ikitajwa wakati huo ilikuwa 31 Oktoba. Hakukuwa na kodi ya forodha hata moja iliyokuwa imeongezwa kwenye jibini la Italia. Lori lililotoka Milano lilikuwa likipita bila kufunguliwa turubai, kama lilivyopita mwaka 2015. Wasomaji wetu wanaojua maana ya kulala siku tatu kwenye foleni ya mpakani wataona kwamba wafanyabiashara hawa wa London walikuwa wakilalamikia mvua kabla haijanyesha, ingawa ni kweli upepo wake ulikuwa umekwisha kuezua mabati kadhaa.

Nini basi kiliwaangusha? Nyaraka zilizofikishwa mahakamani mwanzoni mwa 2018, kampuni ilipoomba kukubaliana na wadai wake ili ifunge migahawa mingine 12 na ipunguziwe kodi ya pango, zilionyesha madeni ya zaidi ya pauni milioni 70. Deni la namna hiyo halijengwi kwa miezi kumi na minane. Ilianza mwaka 2008 huko Oxford kwa mgahawa mmoja uliokuwa ukijaza watu hadi mlangoni, ikakimbia, ikafungua mwingine na mwingine, ikisaini mikataba mirefu ya pango katika mitaa ya bei kubwa. Kila mgahawa mpya ulihitaji ujaze meza zake kama ule wa kwanza. Haikuwa hivyo.

Nao hawakuwa peke yao. Mwaka 2018 Prezzo, nao wauza vyakula vya Kiitaliano, walifunga migahawa 94. Byron wa baga na Carluccio's walifunga kadhaa. Ukiwatazama wote hawa unaona sura moja: fedha nyingi za wawekezaji zilizoingia kwa pamoja, zikafungua migahawa inayofanana katika mitaa ileile, mpaka meza zikazidi walaji. Wakati huohuo vijana wakaanza kuagiza chakula kwa simu na kukipokea mlangoni kwa pikipiki. Mgahawa wa meza 200 ukabaki na viti vitupu na pango lilelile.

Jamie Oliver mwenyewe, tumpe haki yake, hakujificha nyuma ya Ulaya peke yake. Katika mahojiano na gazeti la Financial Times mwaka 2018 alitaja mambo mengi kwa mkupuo: pango, kodi ya majengo, kudorora kwa mitaa ya maduka, bei za vyakula, kura ya kujitoa na ongezeko la mishahara. Alikubali pia kwamba fedha zilikwisha, na kwamba ilimbidi atoe mamilioni kutoka mfukoni mwake kwa muda wa saa chache. Mtu anayeingiza fedha zake kwenye chombo kinachozama si tapeli. Alikosea hesabu, na wengi wetu tumewahi kukosea.

Katika orodha yake kuna mambo mawili ambayo nayo ni siasa, ila si ile inayopigiwa kelele. Kima kipya cha chini cha mshahara kilianza Aprili 2016, pauni 7.20 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 25 na kuendelea, kutoka 6.70. Kilitangazwa karibu mwaka mzima kabla ya kura ya Ulaya. Na Aprili 2017 thamani za majengo zinazotumika kukokotoa kodi zilipangwa upya kwa mara ya kwanza tangu 2010, na wenye biashara katika maeneo ya gharama wakapandishiwa. Haya yaliamuliwa na wanasiasa, yalikuwa na tarehe, yaliandikwa, na kila mwenye mgahawa aliyajua mapema. Mabadiliko ya kisiasa ambayo umepewa taarifa yake mapema ni gharama, upange bei zako. Huwezi kuyaita radi.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni jirani. Nchi ileile, kura ileile, pauni ileile: Greggs, wauza mikate na soseji za kufungwa kwenye unga, mwaka 2018 walivuka mauzo ya pauni bilioni moja kwa mara ya kwanza. Walifanya nini? Waliuza chakula cha bei ndogo kwa mtu mwenye haraka, wakakitengeneza katika viwanda vyao wenyewe. Ikiwa mvua imenyesha mtaa mzima na nyumba moja tu imebomoka, fundi hutazama msingi wa nyumba hiyo kabla ya kulaani mawingu.

Kwetu tuna mfano ambao wengi wenu mmeulipia. Nakumatt, iliyokuwa na maduka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, iliporomoka mwaka 2017 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi uliofutwa na kurudiwa, na ilikuwa rahisi kuiweka lawama hapo. Lakini rafu zake zilianza kuwa tupu kabla ya kura ya Agosti, kwa sababu waliomletea bidhaa walikuwa hawajalipwa. Naivas ilipita katika uchaguzi uleule ikiendelea kufungua matawi. Waliouza maziwa, unga na mboga kwa Nakumatt walibaki wakitafuta fedha zao.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwa msomaji wetu. Kampuni kubwa inaposema imeangushwa na siasa, haisemi hivyo kwa ajili ya historia. Inamwambia mwenye nyumba apunguze pango, inamwambia mleta samaki asamehe nusu ya deni, inamwambia mfanyakazi kwamba hakuna wa kulaumiwa. Lawama ikishakwenda kwa serikali, au kwa wapiga kura, haina mtu wa kuidai. Mleta samaki yeye hana wa kumpelekea lawama yake.

Sasa tugeuze upande. Kuna watu ambao wakisema siasa imewafungia biashara, tunapaswa kunyamaza na kuwasikiliza. Mwishoni mwa Februari 2019 malori yaliacha kupita Gatuna. Rwanda ilieleza kwamba ni kwa ajili ya ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani, ikayaelekeza magari makubwa Kagitumba, na wakati huohuo ikawaonya raia wake wasiende Uganda. Serikali zote mbili zilikuwa na maelezo yake, na gazeti hili si mahakama ya kuamua kati yao. Tunamtazama mama aliyekuwa akipika wali, matoke na maharage upande wa Katuna, ambaye wateja wake walikuwa madereva na matingo waliosubiri karatasi zao. Huyu hakufungua vibanda 42. Hakuwa na deni la benki, hakuwa na pango la mtaa wa kifahari. Kabla ya hapo alikuwa anapika sufuria nne, kisha akawa anapika moja na inabaki. Ungemtafuta jirani yake: naye alikuwa amefunga. Ungemtafuta wa pili: alikuwa amefunga. Wote walianguka wiki moja, kwa sababu moja, na sababu hiyo ina tarehe.

Ndivyo ilivyokuwa pia mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera. Mafuta yaliadimika Kampala, Kigali na Bujumbura. Mwenye mgahawa wa Kampala aliyefunga jiko mwezi ule kwa kukosa mafuta na bidhaa hakuwa na kosa lolote katika hesabu zake.

Ajabu ni kwamba mama wa Katuna, mwenye haki kamili ya kulaumu siasa, hana msemaji wa kutoa taarifa kwa vyombo vya habari. Kampuni yenye sehemu tu ya haki hiyo ina mkurugenzi, wakili na mshauri wa habari. Kwa hiyo lawama ya kisiasa husikika zaidi pale isipostahili.

Msimamo wetu ni kwamba lawama ya namna hii ipimwe kwa kilo, kama mzigo mwingine. Jamie's Italian ina haki ya kuilaumu kura ya 2016 kwa ile tofauti ya pauni 77 na 86, na kwa wapishi walioacha kuja. Haina haki ya kuitwisha kura hiyo mikataba ya pango iliyosainiwa miaka minne kabla. Anayedaiwa akikuambia hali ya nchi, mwulize ilianza lini, na deni lake lilianza lini. Ikiwa deni lina umri mkubwa kuliko hali ya nchi, endelea kudai.

Serikali zetu nazo zina la kufanya, na si gumu. Mpaka ukifungwa, ukifunguliwa nusu, au bidhaa ikizuiwa, itolewe taarifa ya maandishi yenye tarehe ya kuanza, sababu, na muda unaotarajiwa. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na bado mfanyabiashara anajua kwamba njia imefungwa kwa kufika na kukuta kizuizi. Karatasi hiyo moja ingemsaidia mkweli kuthibitisha hasara yake mbele ya mdai au benki, na ingemnyima mwongo pazia lake. Mwishoni mwa Mei 2019 Gatuna ilikuwa ikielekea mwezi wa nne. Mama wa Katuna alitaka kujua anunue mchele wa wiki ngapi.