Gari inazimika ukiachia esansi

Leo tuongee juu ya gari ya zamani yenye karburateri: inatembea vizuri, lakini ukiachia esansi inazimika. Ya mazutu ni habari nyingine.

Kwetu Luofu jambo hili si dogo. Ukishuka Kabasha kuelekea Rwindi, ukikanyaga klachi kwenye kona na mashine ikazimika, breki yenye kusaidiwa na mashine inakubali mara moja ao mbili tu, kisha inakuwa ngumu kama jiwe. Usipakize watoto ndani ya gari ya namna hiyo, hata siku ya soko.

Anza na esansi yenyewe. Ile ya kadhafi, imwage ndani ya chupa nyeupe, iache usiku mmoja: kama kuna maji, yatakaa chini. Kisha toa bujia. Ikiwa na masizi meusi, esansi inazidi hewa. Angalia chujio la hewa, na kumbuka milima yetu: kila metre 1.000 unazopanda, hewa inapungua karibu sehemu 1 kwa 10. Karburateri iliyopangwa Mombasa inabidi ipangwe upya.

Ikiwa nyeupe, hewa inaingia kwa kificho. Mashine ikinguruma, nyunyiza maji kidogo (esansi hapana!) kwenye maungio chini ya karburateri. Mlio ukibadilika, tundu ni hapo.

Bujia ni nzuri? Basi pengine jikleri ya ralanti imezibwa. Ipulize na pompe ya baiskeli, usiichokoe na waya. Visi ya ralanti ni ya mwisho, ingawa vijana wetu wanaanzaka nayo.