FUNDI KALA KIANZIO CHAKO? KUDAI SI KUKOSA SUBIRA



Alhamdulillah, tunamshukuru Allah (s.w.) na tunamswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Leo tuzungumze jambo ambalo halipandi mimbarini mara nyingi ingawa limejaa majumbani mwetu: pesa ya kianzio anayopewa fundi, kisha fundi haonekani.

Dada mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia. Alitaka kubadili marumaru za bafu na jiko. Akampa fundi shilingi 2,500,000 za vifaa na 900,000 nusu ya ufundi. Fundi akaleta mifuko 20 ya saruji na mchanga, akabandua marumaru za zamani kwa siku mbili, akaondoka. Mara mkwe anaumwa, mara gari la mzigo limeharibika njiani, mara simu inaita haipokelewi. Sasa amemfungia namba kabisa, na watoto wanakwenda kuoga kwa jirani.

Huyo fundi anaswali msikiti uleule anaoswali mume wa dada. Walipopeleka malalamiko kwa wazee, wakajibiwa: "Subirini, mwachieni Mungu, huyo ni kijana wetu."

Ndugu yangu, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Lina sura ya dini, lakini ndani yake mna dhulma.

Subira ni kuuzuia moyo usimlaumu Allah na kuuzuia ulimi na mkono usivuke mpaka. Kuacha haki yako ilhali unaweza kuidai ni jambo jingine. Ukitaka kusamehe kwa hiari yako, hiyo ni sadaka na malipo yake yako kwa Allah. Lakini msamaha ni wako wewe mwenye mali. Mzee wa msikiti hawezi kugawa sadaka kutoka mfukoni mwa mtu mwingine.

Kuna mtu alimdai Mtume (s.a.w.) ngamia, akaja kumdai kwa maneno makali. Maswahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko aliyemkopesha. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa angalia: aliyekuwa anadaiwa ni mbora wa viumbe, na bado mdai hakuambiwa anyamaze kwa heshima yake. Fundi wako ni nani hata usimdai kwa sababu anakaa safu ya mbele?

Na kwa wale wanaopenda kusuluhisha, Allah awalipe, kuna kisa kingine nataka mkisome hadi mwisho. Ka'b bin Malik alikuwa anamdai Ibn Abi Hadrad. Wakabishana ndani ya msikiti hadi sauti zikapanda, Mtume akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Ka'b apunguze nusu ya deni. Ka'b akakubali papo hapo. Je, kisa kimeishia hapo? Hapana. Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamuru ainuke alipe.

Sulhu ya Mtume ilikuwa na sehemu mbili. Sisi tumeshika ya kwanza: mwenye haki apunguze, asamehe, asubiri. Ya pili, ile ya kumwambia mdaiwa ainuke alipe, inatushinda kwa sababu tunaona haya. Kikao cha sulhu kikiisha bila tarehe ya kulipa na bila kiasi, mmekunywa chai tu.

Sasa nirudi kwako wewe uliyedhulumiwa, maana na wewe una wajibu.

Kwanza, jua unadai kiasi gani. Watu wengi hukasirika wakadai pesa yote, na hapo fundi anapata mlango wa kutokea. Tuchukue hesabu ya huyu dada. Alitoa 3,400,000. Saruji na mchanga viko kwake, tuseme vina thamani ya 500,000. Hizo aziondoe, maana vitu amebaki navyo. Kazi ya kubandua imefanyika: fundi na saidia wake siku mbili, kwa 60,000 kwa siku, ni 120,000. Nayo aiondoe, japo kazi haikukamilika, kwa tahadhari asije akala jasho la mtu. Anabaki anadai 2,780,000. Hiyo ndiyo haki yake, na akienda nayo mbele ya mtu yeyote mwadilifu hakuna wa kumwambia anaonea.

Fundi atasema: "Kianzio huwa hakirudi." Haya ni maneno ya mtaani. Wanazuoni wamejadili kianzio kwa jina la arbuni. Wengi wao, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawakuruhusu mtu kukila bure. Mahanbali walioruhusu wanazungumzia mteja aliyeghairi. Hapa aliyeghairi ni fundi mwenyewe! Kwa dalili gani abaki na pesa?

Pili, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni. Ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita: anayetamka maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, yule ambaye haki iko juu yake. Kwa hiyo usitosheke na daftari lako peke yako. Akikubali kuonana nawe, muombe aandike kwa mkono wake, au atume ujumbe wa sauti, akitaja kiasi alichopokea, kazi aliyoiacha, na siku atakayorudisha. Wawepo mashahidi. Na ule ujumbe wa M-Pesa usiufute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa aina hiyo.

Tatu, panda ngazi kwa utaratibu. Mpelekee dai la maandishi lenye kiasi na siku, tuseme siku 14. Akikaa kimya, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakoishi yeye. Mafundi wengi hulipa hapo, kwa sababu barua ya mtaa inafika mpaka kwa wateja wake wengine. Ikishindikana, kwa Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya kiasi kama hiki, kwa Kiswahili, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, mradi uweze kuyathibitisha, na dai la mkataba lina muda wa miaka 6. Ndugu zetu wa Kenya wana mahakama ya madai madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, na sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60. Msimsumbue kadhi kwa jambo hili. Wa Kenya kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi. Shekhe anaweza kuwasuluhisha, lakini hana mamlaka ya kumkamata mtu.

Na polisi? Ukienda ukasema "alichelewesha kazi", utaambiwa hayo ni madai, nenda mahakamani, na watakuwa sawa. Lakini ikiwa alikudanganya tangu mwanzo, mfano alikuonyesha risiti ya kughushi, au kazi alizokuonyesha si zake, hapo kuna jinai ya kujipatia pesa kwa udanganyifu, na si vibaya kuripoti.

Wengine mnauliza: "Shekhe, ameacha grinda na mashine ya kukatia marumaru kwangu. Niuze?" Suala hili wanazuoni wanaliita dhafar, nalo lina khilafu. Walioruhusu wanategemea kisa cha Hind bint Utba, aliyelalamika kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kinachomtosha kwa wema. Waliokataza wanategemea hadithi inayokataza kumfanyia khiyana aliyekufanyia khiyana. Msimamo wangu: vitunze, mwandikie kwamba viko kwako na aje avichukue siku mtakayomalizana, usivitumie wala usiviuze kabla ya hukumu. Mashine yenyewe huenda ni ya kukodi au ya fundi mwenzake. Ukiuza, kesho wewe ndiye unayeshitakiwa, naye anakaa kiti cha mdai.

Vilevile picha yake mtandaoni. Imamu Nawawi ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa baya lake kunaruhusiwa, na kati yake ni kumlalamikia dhalimu na kuwatahadharisha watu. Basi sema kilichotokea: fulani alipokea kiasi hiki tarehe hii, kazi haikufanyika, pesa hajarudisha. Usimtukane mama yake, usiweke picha za wanawe, na usizushe kwamba ni mwizi wa nyumba nzima nzima. Ukizidisha chumvi umeingia kwenye dhambi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao inaweza kukugeukia. Wallahi nimeona watu waliokuwa na haki wakaipoteza kwa ulimi.

Lipo jambo moja la kumhurumia. Ikiwa amefilisika kweli, pesa ilikwenda hospitali na sasa hana kitu, aya ya 280 ya sura hiyohiyo inaamrisha apewe muda mpaka apate. Mpe, kwa maandishi, hata 100,000 kwa mwezi. Lakini aliyefilisika huja akasema. Anayebadilisha namba huku anajenga kwa mteja mwingine Kigamboni huyo anacho, na Mtume (s.a.w.) ameita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Nimalizie na wewe fundi unayesoma, maana najua mko wengi humu na wengi wenu ni waaminifu. Wewe ambaye una kianzio cha mtu na hukufanya kazi yake: iliwahi kuletwa jeneza kwa Mtume, akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa anadaiwa dinari. Akawaambia maswahaba wamswalie mwenzao, yeye hakutangulia, mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba lile deni. Dinari chache tu, na wewe unazo milioni za familia isiyo na bafu.

Mfungulie namba leo. Usianze na hadithi ya mkwe. Mtumie ulichonacho, hata kama ni laki moja, kisha mwambie siku ya kumalizia, na siku hiyo ikifika upokee simu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.