Trela Huanza Kuyumba Yadini, Si Barabarani

Ndugu Wanachama,

Pikapu inapopinduliwa na trela yake, neno linaloandikwa ni lile lile siku zote: "Dereva alishindwa kulimudu gari." Neno hili ni fupi. Lamtosha tajiri, lamtosha karani wa bima, na gazeti nalo laridhika. Lakini sisi tunaoshika usukani twajua ya kuwa halielezi kitu. Gari lilimshinda kwa sababu gani? Nani alilipakia? Nani alimwambia afike saa ngapi? Hayo hayaulizwi.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema wazi ili anayetaka kupinga apinge mkutanoni. Mara nyingi trela haianzi kuyumba barabarani. Huanza kuyumba yadini, saa ile inapopakiwa, na saa hiyo dereva hana neno. Basi ikiwa lawama ni ya dereva, na neno juu ya mzigo liwe lake pia.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Siku moja nilipewa pikapu na trela ya ekseli moja nipeleke jenereta Naivasha. Trela tupu ilikuwa na kilo 300 hivi, na jenereta kilo 600. Nyapara akaamuru jenereta iwekwe nyuma kabisa, karibu na mlango, ili watu wa Naivasha waishushe upesi. Mbele yakapangwa mapipa matupu. Kwa macho ilionekana imejaa vizuri. Nilipoinua pua ya trela niiunge na gari, nikaiinua kwa mkono mmoja, kama mtu anayeinua ndoo. Nikafurahi kuona ni nyepesi. Huo ulikuwa ujinga wangu, nami naukiri mbele yenu.

Tukafika mahali njia inapoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu. Basi moja likatupita kwa kasi, na upepo wake ukaisukuma trela kando. Ikarudi, ikapita kiasi, ikaenda upande wa pili. Kila ilivyorudi ilirudi kwa nguvu zaidi, na mkia wa pikapu ukaanza kuifuata. Nilitaka kukanyaga breki. Utingo wangu, mzee aliyenizidi umri kwa mbali, akapiga kelele: "Achia mafuta, kijana! Breki usiguse! Shika usukani, nyoosha!" Nikamtii. Gia ikalishika gari, mwendo ukapungua, na trela ikatulia. Tukasimama mahali palipo wazi, mikono yangu ikitetemeka.

Mzee akatazama mzigo, akatikisa kichwa. Tukaomba msaada wa watu, na kwa mitaimbo tukaisukuma jenereta mpaka ikakaa juu ya ekseli na kupita mbele yake kidogo. Tukaifunga kwa minyororo. Kutoka hapo mpaka Naivasha trela haikuyumba hata mara moja. Gari lilikuwa lile lile, dereva yule yule, na barabara ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa mzigo tu. Tulichelewa saa tatu, na mwisho wa mwezi nikakuta mshahara wangu umekatwa kwa sababu ya kuchelewa. Nyapara aliyeiweka jenereta nyuma hakukatwa hata senti moja.

Sasa natumaini mtanivumilia nikieleza mambo haya yalivyo, maana asiyejua sababu hawezi kudai haki yake.

Trela imeshikwa na gari mahali pamoja tu, pale kwenye tufe la chuma la kuungia. Uzito ukiwa mbele ya ekseli, pua hukandamiza lile tufe, na trela hufuata gari kwa utii. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli, pua hutaka kuinuka, mkia wa trela hupata nguvu ya kuyumba, na magurudumu ya nyuma ya pikapu hupoteza uzito wa kushika barabara. Kipimo kinachotumiwa sana kwa trela za namna hii ni kwamba pua ikandamize kwa uzito wa sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wote wa trela na mzigo wake. Trela yangu siku ile ilikuwa na kilo 900. Kwa hiyo pua yake ilipaswa kukandamiza kwa kilo 90 angalau, yaani gunia moja la mahindi. Je, kuna mtu anayeinua gunia la mahindi kwa mkono mmoja kama ndoo? Hapo ndipo ningaliona hatari, nami sikuiona.

Basi kumbukeni kipimo hiki cha maskini: ukiinua pua ya trela iliyojaa kwa mkono mmoja bila taabu, usitoke yadini. Kipimo kilicho bora ni mizani ya kawaida ya kupimia watu. Weka trela mahali tambarare, simamisha kipande cha mbao juu ya mizani, tua pua juu yake, kisha usome. Ila usipite kiasi. Mtengenezaji wa gari ameandika uzito ambao tufe lake laweza kubeba, na uzito huo usizidishwe. Pua nzito mno hukandamiza mkia wa pikapu, ikainua magurudumu ya mbele, na usukani ukawa mwepesi kama wa mtoto anayecheza.

Jambo la pili ni kwamba vitu vizito vikae chini na karibu na ekseli. Ukiweka chuma kizito mwisho wa nyuma na kingine mwisho wa mbele, mizani ya pua yaweza kusoma vizuri, lakini trela ikianza kuyumba itakuwa kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwenye ncha za mti mrefu. Kuuzungusha ni kazi, na kuuzuia usizunguke ni kazi kubwa zaidi.

Jambo la tatu ni mwendo. Kila trela, pamoja na mzigo wake, ina mwendo wake wa mpaka. Chini ya mwendo huo, trela ikisukumwa na upepo huyumba mara mbili tatu ikatulia yenyewe. Juu ya mwendo huo kila myumbo humzaa mwingine mkubwa kuliko wa kwanza, mpaka gari na trela zikunjane kama kisu. Mzigo mbaya huushusha mpaka huo. Ndiyo sababu dereva husema, "Jana nilikwenda mwendo huu huu na haikuyumba." Kweli, lakini jana mzigo ulikaa vingine. Na mteremko ni hatari zaidi, kwa kuwa huko trela hulisukuma gari badala ya kuvutwa nalo.

Yapo pia mambo madogo yanayoua. Tairi za nyuma za pikapu zenye upepo mdogo hulegea ubavuni, na trela huzichezea. Tufe lililolika, springi iliyochoka, na pua iliyounganishwa juu mno hata trela ikainama nyuma, yote hayo huleta myumbo. Tazameni kila asubuhi.

Na ikianza kuyumba, fanyeni kama yule mzee alivyoniamuru. Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani kwa mikono miwili, uelekeze mbele, wala usijaribu kufukuzana na trela kushoto na kulia, kwa maana mkono wako utachelewa na kuiongezea nguvu. Usikanyage breki ya gari, wala usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha. Ikiwa trela ina breki zake za umeme, na una kidude cha kuzishika peke yake, zishike polepole. Ikitulia, simama penye usalama utazame mzigo. Usiseme, "Imekwisha," ukaendelea. Sababu ingali pale pale.

Wako watakaosema kwamba pikapu za siku hizi zina kompyuta inayotambua myumbo na kushika breki za gurudumu moja moja, na kwamba viko vyuma vya kufunga kwenye pua vya kuzuia kuyumba. Ni kweli, na ni vitu vizuri. Lakini dawa ya homa haimfai anayeendelea kunywa maji machafu. Na pikapu nyingi tunazopewa ni za zamani, hazina kompyuta hiyo.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo la chama. Lori kubwa likifika Gilgil au Mariakani hupita kwenye mizani, na uzito wa kila ekseli hutazamwa. Trela yetu ndogo nyuma ya pikapu haipimwi hivyo. Mlinzi wake ni mmoja tu, naye ni dereva. Na dereva huyo akisema neno yadini huambiwa, "Kazi yako ni kuendesha." Kisha trela ikipinduka huambiwa alipe.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi alikosa kwa makusudi. Je, aliyepakiwa mzigo nyuma na mtu mwingine alikosa kwa makusudi? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, wala asirudishwe mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo dereva anayesema, "Trela hii haikupakiwa sawa," si mkaidi. Anatimiza wajibu aliopewa na sheria.

Napendekeza chama chetu kidai mambo manne katika mapatano yajayo. Kwanza, trela isitoke mpaka dereva ameukagua mzigo na kutia sahihi, na jina la aliyepakia liandikwe papo hapo. Pili, kila yadi yenye trela iwe na mizani ya pua. Bei yake ni ndogo kuliko tairi moja. Tatu, saa za safari zihesabiwe kwa mwendo wa gari linalovuta trela, si kwa mwendo wa gari tupu. Nne, dereva anayechelewa kwa sababu ya kupanga upya mzigo wenye hatari asikatwe mshahara.

Tajiri atasema dereva akipewa neno ataanza kuchagua kazi. Namjibu hivi: kupanga mzigo upya yadini ni kazi ya nusu saa. Kukokota pikapu kutoka korongoni ni kazi ya siku nzima, na maiti haikokotwi ikaamka. Hata kwa hesabu ya fedha peke yake, nusu saa ile ni faida yake.

Lakini tusiwalaumu wengine tu. Wako kati yetu wanaojisifu kwamba waliteremka Mai Mahiu na trela kwa mwendo wa magari madogo. Wako wanaomcheka utingo akitoa shauri. Mimi niko hai leo kwa sababu utingo alifungua kinywa, nami nikamsikiliza. Dereva asiyejua kupima pua ya trela yake atadai nini yadini? Ataambiwa hajui asemalo, na itakuwa kweli.

Kwa hiyo kila mmoja ajifunze, amfundishe na utingo wake, kisha tuje mkutanoni tukidai kwa sauti moja. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, nenda nyuma, ukainue ile pua kwa mkono wako.

Umoja ni nguvu.

Dereva mwenzenu