Harusi yako isiishie mtaroni

Leo sizungumzii singo wala hina, na najua wapo watakaonuna.

Masika yaliyopita nilikwenda kumjulia hali mama mmoja kule Sebleni. Vitanda vimepandishwa juu ya matofali, magodoro yamekunjwa juu ya kabati, na watoto wamekaa kitandani kama abiria wa ngalawa. Maji yaliyoingia ndani hayakuwa ya mvua peke yake, karo la jirani lilikuwa limefurika. Akaniuliza, "Mwenzangu, hapa niswali wapi?" Sakafu nzima najisi. Sikuwa na jibu.

Nikatoka nje kutazama mtaro. Umeziba kwa chupa za maji, vikombe vya plastiki na zile sahani nyeupe nyepesi. Sahani zile nazijua. Na nyinyi mnazijua.

Tumezowea kusema manispaa hawazoi taka. Kweli, hawazoi inavyopaswa, na haki hiyo tuwadai. Lakini hebu fanya hesabu ya harusi moja ya wageni 400: kila mgeni chupa ya maji, kopo la juisi, sahani na kijiko. Vitu 1,600 kwa mchana mmoja, na viboksi vya keki bado. Shughuli ikesha, mzigo ule anapewa kijana wa mkokoteni, anatiliwa vijisenti mkononi, na hakuna anayemuuliza anaupeleka wapi. Jaa liko Kibele. Mkokoteni utafika Kibele? Anamwaga kwenye bonde la karibu, na mabondeni ndiko wanakokaa wasiomudu kiwanja cha juu. Kisichosombwa na mvua huchomwa magharibi, moshi ukaingia vyumbani.

Halafu tunamwambia mama yule asubiri, ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Hili ndilo linalonikera zaidi. Subira yake ni baina yake na Mola wake. Sisi tuliomtupia taka mlangoni hatuna uso wa kumhimiza subira. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, nasi tunakodi ukumbi ili tuuzidishe! Na tusijidanganye kwamba maradhi yanabaki bondeni. Kipindupindu cha 2016 tunakikumbuka, hata kuuza chakula barabarani kulipigwa marufuku.

"Lakini wakwe watasema nini nikiwalisha kwenye sinia?" Jamani! Bibi zetu walilisha mtaa mzima kwa masinia, watu wanne wanne, birika la kunawia likizunguka, na hakuna aliyewaita masikini. Mifuko ya plastiki nayo tulikatazwa tangu 2006, tukalalamika wee, tukarudi kwenye vikapu. Hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo nyinyi mnaoolewa Mfunguo Mosi, kabla hamjagombana na mama kuhusu rangi ya sare, muulizeni mpishi kama ana masinia na gilasi za kukodi. Maji yawekwe kwenye madumu makubwa yenye bomba. Gari la taka lilipwe mapema, na kaka mmoja apande nalo mpaka Kibele akaone kwa macho yake. Wa kuosha vyombo watakuwepo, walipeni vizuri.

Na bajeti ikigoma, punguzeni keki ghorofa moja.