Kufunga Bila Kufungua

Kitenzi funga kina kazi nyingi katika lugha yetu. Tunafunga mlango, tunafunga mizigo, tunafunga safari, tunafunga ndoa, na hata bao tunafunga. Katika matumizi haya yote, kitenzi hicho hudai shamirisho. Bila shamirisho, msikilizaji atauliza kilichofungwa ni nini. Ni katika uwanja wa ibada ambapo kitenzi hiki husimama peke yake na kikaeleweka. Nimejiuliza kwa muda mrefu shamirisho lililofichika hapo ni lipi. Je, ni kinywa? Ni tumbo? Ni nafsi? Swali hili laweza kuonekana kuwa la kisarufi tu, lakini kwa maoni yangu jibu tunalolitoa, aghalabu bila kujua kwamba tunalitoa, ndilo linaloamua kama saumu ya Mkristo wa leo hapa Kenya ni ibada au ni biashara.

Kabla ya kuendelea, pana kosa dogo linalohitaji kusahihishwa. Wapo Wakristo, hasa wa bara, wanaoliepa neno saumu wakidhani kwamba ni mali ya Waislamu. Nimewahi kumsikia mhubiri akimkosoa kijana mbele ya watu kwa kulitumia katika maombi. Laiti angejua! Neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, lakini mzizi wake ni wa lugha za Kisemiti kwa jumla. Manabii wa Kiebrania walisema tsom, na Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia, ambao kalenda yao ina siku za kufunga zinazozidi 180 kwa mwaka, hulitumia neno lilo hilo hadi leo. Mkristo anayesema saumu, basi, yu karibu zaidi na lugha ya Isaya na Yoeli kuliko yule anayeliogopa.

Hata hivyo, Kiswahili hakikutosheka na neno la mkopo. Kilichagua pia kitenzi chake chenyewe, na kitenzi hicho, kama tulivyofundishwa katika madarasa ya mofolojia, hubeba kinyume chake katika mnyambuliko: ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, funga huzaa fungua. Maadamu mtu amefunga, hana budi kufungua. Waswahili wa pwani walilizingatia jambo hili kiasi cha kulitia katika kalenda yao. Mwezi wa Ramadhani ukiisha, miezi inayofuata huhesabiwa kwa kufungua: mfunguo mosi, mfunguo pili, na kuendelea hadi mfunguo tisa. Mwezi wa kufunga ni mmoja. Miezi yenye jina la kufungua ni tisa.

Ni kwa mintarafu hii ambapo sura ya 58 ya kitabu cha Isaya, ambayo naiona kuwa msingi wa fundisho la Kikristo kuhusu saumu, husomeka kana kwamba ilitungwa kwa Kiswahili. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na kujitesa, ilhali yeye hatazami. Wanajibiwa kwamba siku iyo hiyo ya kufunga wanawatumikisha vibarua wao kwa ukali, wanagombana na kupigana ngumi. Kisha wanaelezwa saumu inayotakiwa: kuvifungua vifungo vya uovu, kuwaacha huru walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula, kumwingiza nyumbani asiye na makao. Katika Kiebrania, neno la saumu na kitenzi cha kufungua hazina uhusiano wowote wa kimzizi. Ni Kiswahili kinachotuwezesha kusikia katika kauli ya nabii kwamba kufunga kwenyewe ni kufungua. Hiyo ni zawadi ya lugha yetu, na inasikitisha kwamba mimbari zetu huitumia kwa nadra sana.

Mimbari zetu zinatumia nini badala yake? Msikilizaji wa mahubiri katika miji yetu atakubaliana nami kwamba kufunga kumegeuzwa kuwa ufunguo wa aina nyingine. Mtu hufunga ili milango ya kazi imfungukie, ili apate mume, viza, gari, au alama nzuri katika mtihani. Siku hupangwa kwa idadi: tatu kwa tatizo dogo, saba kwa la wastani, 21 kwa lile sugu, na 40 kwa lile lililowashinda wazazi na mababu. Njaa imekuwa sarafu. Anayelipa zaidi hutarajia kupewa zaidi, na asipopewa huambiwa kwamba hakufunga vya kutosha. Ni mgomo wa kula unaofanywa dhidi ya Mungu, kama ule wa wafungwa dhidi ya serikali, ila mgomaji mwenyewe huuita unyenyekevu.

Wanaohubiri saumu ya namna hii hulitegemea sana simulizi la kijana mwenye pepo katika sura ya 9 ya Injili ya Marko. Wanafunzi wa fasihi, ambao tunayajua matatizo ya miswada ya tendi zetu, tutavutiwa na jambo moja. Katika aya ya 29, miswada miwili mikongwe ya karne ya 4, yaani ule wa Vatikano na ule wa Sinai kama ulivyoandikwa na mkono wa kwanza, inataja maombi tu. Kufunga kunapatikana katika miswada mingine mingi. Sidai kwamba hoja hii inafuta saumu katika Agano Jipya. Nadai tu kwamba aya hiyo ni kiguzo chembamba mno kwa jumba kubwa namna hiyo.

Isitoshe, Biblia yenyewe haiuonei haya ukweli kwamba watu waovu nao hufunga. Katika sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza, Yezebeli anatangaza mfungo wa mji mzima. Katika mkutano uo huo wa ibada, Nabothi anasingiziwa, anapigwa mawe hadi kufa, na shamba lake la mizabibu linachukuliwa na mfalme. Katika nchi kama yetu, ambamo unyakuzi wa ardhi si hadithi ya kale, sura hiyo ingestahili kusomwa kila panapotangazwa siku ya maombi ya kitaifa. Tena katika sura ya 23 ya Matendo ya Mitume, wanaume zaidi ya 40 wanaapa kutokula wala kunywa hadi wamuue Paulo. Hao walikuwa na nidhamu ya tumbo kuliko wengi wetu. Kinywa kilichofungwa, peke yake, hakithibitishi lolote.

Nakiri kwamba haya sikuyajifunza vitabuni kwanza. Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, tulikuwa wanne chumbani. Wiki mbili kabla ya mitihani, ushirika wetu wa wanafunzi ulitangaza mfungo wa siku saba. Tulikuwa tukifunga tangu alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, kisha kila mtu alitoka kwenda kufungua na kundi lake. Watatu tulikuwa wa ushirika huo. Wa nne alikuwa mtu mkimya, si mhudhuriaji wa mikutano yetu, lakini tuliona kwamba naye hali. Siku ya tatu mmoja wetu alimwambia kwa furaha, "Ndugu, hatimaye Bwana amekugusa." Alitabasamu tu. Jioni ya siku ya nne alianguka bafuni. Tulipomfikisha kwenye zahanati, muuguzi alimuuliza alikula lini mara ya mwisho, naye akajibu kwa sauti ya chini kwamba alikula Jumapili. Ilikuwa Alhamisi. Mkopo wake ulikuwa umechelewa, na nyumbani hakukuwa na wa kumtumia chochote. Kwa siku nne tulikuwa tumelala futi sita kutoka kwa mtu mwenye njaa, sisi wenye njaa ya kujitakia, na njaa yetu haikutusaidia kuitambua yake. Waliotangulia walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tulikuwa na njaa, na bado hatukumjua.

Mtu ataniambia kwamba hilo ni kosa la vijana wasio makini. Huenda. Lakini limo jambo kubwa zaidi ambalo Wakenya hatuwezi kulikwepa. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, miongoni mwao watoto wengi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa. Washukiwa walifikishwa mahakamani, nami siingilii kazi ya mahakama. Linalonihusu mimi ni lugha. Makanisa mengi yaliharakisha kusema kwamba yale yalikuwa mambo ya dhehebu potovu, hayana uhusiano wowote na sisi. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Neno lililotajwa kuhusiana na msitu ule lilikuwa neno letu, kufunga, na ahadi ilikuwa ya aina tuliyoizoea: lipa kwa njaa, upokee. Kilichotofautiana ni kiasi cha malipo na kilichoahidiwa, yaani kukutana na Yesu badala ya viza. Kama tumewazoesha waumini kuamini kwamba Mungu hufurahishwa na njaa yenyewe, tutamwambia nini yule atakayeuliza kwa nini njaa kubwa zaidi isimfurahishe zaidi?

Jibu lipo, na wazee wa pwani walikuwa nalo katika kalenda. Mfungo usio na mfunguo si mfungo. Mtoto hafungishwi. Mgonjwa hafungishwi. Hata sheria ya Kanisa Katoliki, ambayo baadhi ya ndugu zetu huiona kuwa legevu, inawalazimu kufunga wenye umri wa miaka 18 hadi 59 pekee, tena katika siku mbili za mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kuna hekima katika ulegevu huo.

Pingamizi ninalolitarajia kutoka kwa wasomaji wacha Mungu ni kwamba naipunguza saumu ikawa msaada wa kijamii tu, kana kwamba haina siri yoyote kati ya mja na Muumba wake. Pingamizi hili lina uzito, nami silipuuzi. Mtu akikaa na njaa kwa hiari hugundua jinsi anavyojidanganya kwamba anajitosheleza. Hasira iliyofichwa na shibe hujitokeza, uchoyo pia, na sala hupoteza madoido yake. Hayo nimeyaonja. Kanisa la Antiokia, katika sura ya 13 ya Matendo, lilifunga bila kudai chochote kinachotajwa. Walikuwa katika ibada tu, wakasikia wito wa kuwatuma Barnaba na Sauli. Lakini turudi nyuma sura mbili. Katika sura ya 11, watu hao hao wa Antiokia walisikia kwamba njaa inakuja, nayo ikaja wakati wa Kaisari Klaudio; wakachanga, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Waliosikia sauti katika mfungo walikuwa wamekwisha kusikia habari ya njaa ya wengine. Siwezi kuamini kwamba mpangilio huo wa sura ni wa bahati nasibu.

Wakristo wa kwanza walikuwa na utaratibu wa jambo hili. Kitabu kiitwacho Mchungaji, kilichoandikwa na Herma huko Roma katika karne ya 2 na kuheshimiwa sana ingawa hakikuingizwa katika Agano Jipya, kinampa mfungaji maagizo yanayoeleweka hata na mwenye duka. Siku ya kufunga ale mkate na maji tu. Akadirie gharama ya chakula ambacho angekila. Kisha kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji. Karne kadhaa baadaye, Augustino alifundisha kwamba kufunga na kutoa sadaka ni mabawa mawili ya sala. Kampeni ya Kwaresima inayoendeshwa kila mwaka na Kanisa Katoliki hapa nchini ni tawi la mti huo wa kale, ijapokuwa nimeona parokia ambamo bahasha za mchango hutolewa na watu ambao hawakupunguza hata tonge moja.

Ugumu uliobaki ni wa adabu. Katika sura ya 6 ya Mathayo, sadaka, sala na kufunga vinafuatana, na vyote vitatu vinaamriwa kufanywa sirini: mfungaji anawe uso na kujipaka mafuta, na mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mwanafunzi mwenye njaa naye ana siri yake, na ana haki ya kuilinda. Tangazo la hadhara kwamba chakula kinagawiwa kwa maskini litamfukuza. Sisi, baada ya aibu ile ya zahanati, tuliweka mkebe wa majani ya chai juu ya kabati. Kila aliyefunga alitia humo thamani ya mlo wake, na yeyote wa chumba angeweza kuchukua bila kuulizwa. Hatukuhesabu kilichoingia wala kilichotoka. Mwaka uliofuata vyumba viwili vya jirani vilikuwa na mikebe yao, na ushirika, kwa kadiri ninavyokumbuka, haukuwahi kulijadili suala hilo katika kikao chochote.